Kabla Useme Duveti ni Show-off

Kuna swali limenifuata tangu nianze kupost keja yangu: mtu wa Baba Dogo anataka duveti nzuri ya nini? Bedsita ni chumba kimoja. Jiko liko hatua mbili kutoka kwa mto, choo kimebanwa kwa kona, halafu wewe unasumbuka na rangi ya foronya na taa za LED nyuma ya kitanda. Wengi wanaouliza hawana ubaya, baadhi yao ni mashangazi zangu. Kwao hii ni tabia tumeokota kwa simu, tabia ya watu wa Kilimani, na hiyo doh ingeenda kwa kitu ya maana.

Sikubaliani nao, na sababu yangu iko kwa historia. Kupamba kitanda ni jambo la zamani sana upande huu wa dunia. Kitu kigeni ni lile wazo kwamba mtu wa Eastlands anatakiwa kulala tu, bila kuwa na chumba. Hilo wazo lina tarehe zake na lina wenyewe.

Tuanzie Pwani, kwa sababu huko ndiko lugha yenyewe ya kitanda ilikotengenezwa. Neno foronya limetoka kwa Wareno, wao husema fronha. Ukiingia nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, chumba cha ndani kabisa kinaitwa ndani, jina halina mchezo. Ukuta wake umejaa zidaka, vile vijirafu vilivyochongwa kwa plasta, safu juu ya safu, na humo watu walipanga vyombo vya kaure kutoka China. Kulikuwa na chetezo cha kufukizia udi, na asumini ikimwagwa kitandani usiku wa harusi. Sasa niambie tofauti ya zidaka na zile rafu za ukutani tunapanga mishumaa na maua ya plastiki. Mimi naona tofauti moja tu: zidaka zilikuwa kazi ya fundi, hizi zetu zinaanguka mlango ukigongwa.

Maelezo mazuri zaidi ya chumba cha kulala cha kifahari cha zamani tuliyoachiwa ni ya binti wa Sultani. Sayyida Salme, binti ya Seyyid Said, alizaliwa Zanzibar 1844, akaondoka 1866, akaolewa na Mjerumani, akajulikana kama Emily Ruete. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Humo anaeleza vyumba vya jumba: kuta zenye vidaka vilivyojaa vyombo vya kaure na vioo, na vitanda vikubwa vya mti wa thamani kutoka Bara Hindi, vilivyochongwa, virefu kwenda juu hadi mtu anahitaji kiti au mkono wa mtumishi ili apande.

Halafu anataja kitu kidogo, kama anapita tu. Kwamba pale chini ya kitanda palikuwa na nafasi ya kutosha, na mara nyingi yaya wa watoto alilala hapo.

Manze, hiyo sentensi ilinikalisha chini. Chumba kimoja, kitanda kimoja, na watu wawili wa aina mbili. Juu kuna godoro na manukato, chini kuna mwanamke anayelea watoto wa mwingine. Zanzibar ile ilikuwa ya utumwa, na jumba lile liliendeshwa na watumwa. Kwa hivyo nikisema kitanda kizuri ni chetu tangu zamani, lazima nikubali pia kwamba wengi wetu tukirudi nyuma hatutajikuta juu. Tutajikuta chini.

Hata kitambaa kina hadithi. Nyanya zetu wakisema merikani, walimaanisha kile kitambaa cha pamba kizito kisichopaushwa, na jina linajieleza. Marekani ilitia saini mkataba na Seyyid Said 1833, ikaweka balozi mdogo Zanzibar 1837, na meli za mji wa Salem, Massachusetts, zikawa zinaleta pamba iliyofumwa na kuondoka na pembe za ndovu na gundi ya sandarusi. Misafara ilibeba merikani hadi bara, ikawa nguo na pia pesa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata ile biashara, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi. Kiwanda kimoja cha Salem kilichofuma merikani, Naumkeag, baadaye kilipata jina kubwa Marekani kwa shuka za kitanda, zile za Pequot. Yaani kitu tulichovaa na kulipana nacho, kwao kiliishia kutandikwa.

Sasa Nairobi. Mji ulianza 1899 kama kambi ya reli, na kwa serikali ya kikoloni Mwafrika alikuwa mgeni ndani yake. Mwanaume alikuja kufanya kazi akiwa na kipande shingoni kuanzia 1920, na mke na watoto walitakiwa kubaki reserve. Kwa hivyo nani angemjengea nyumba? Kariokor ilipojengwa mwishoni mwa miaka ya 1920 ilikuwa mabweni. Na mitaa ya Eastlands ilipoendelea kuongezeka, hesabu rasmi ya makazi ya Waafrika haikuwa ya nyumba wala ya vyumba. Ilikuwa ya nafasi za kitanda. Ulikodishiwa nafasi ya kitanda. Chumba kilikuwa cha wanaume watatu au wanne wasiojuana, na chako kilikuwa upana wa mwili wako na ukuta wa kutundika koti. Kulikuwa na mitaa michache iliyofikiria familia, Kaloleni ya miaka ya 1940 ikiwa mfano, lakini hiyo haikuwa kawaida.

Mtu aliyekodisha upana wa mwili wake angepamba nini?

Hapa kuna kitu vitabu vya shule haviguzi. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu 1990 kinachoitwa The Comforts of Home, kuhusu wanawake wa Nairobi waliojipatia riziki kwa ukahaba enzi za ukoloni. Alikaa na wanawake wazee akawauliza maisha yalikuwaje Pangani na Pumwani. Kinachotoka kwenye hizo simulizi ni kwamba wanaume walilipia zaidi ya ile kitu unafikiria. Walilipia chai. Maji ya kuoga. Kitanda safi ndani ya chumba chenye mlango, na mtu wa kuongea naye. Mji uliwanyima nyumbani, wakanunua nyumbani kwa usiku mmoja. Na wale wanawake, waliotukanwa na kila mtu, wengi wao walijenga nyumba zao wenyewe kwa pesa hizo. Pangani ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Sijui kwa nini hatuna hata mtaa mmoja wenye jina la mmoja wao.

Mwaka 1954, mwaka uleule wa Operation Anvil, kamati ya mishahara iliyojulikana kama Carpenter ilisema wazi kwamba mshahara wa Mwafrika ulikuwa umepangwa kwa mtu asiye na familia, na kwamba unafaa kumtosha mtu na mkewe na watoto. Yaani ilichukua zaidi ya miaka 50 ya mji huu kwa serikali kuandika kwa karatasi kwamba mfanyakazi ni mtu mwenye nyumbani. Sasa angalia neno tunalotumia leo. Babu alikodi nafasi ya kitanda, sisi tunakodi bedsita. Kitanda bado kiko kwa jina, lakini leo mlango ni wako, na kufuli ni yako. Hapa Baba Dogo, kati ya magodauni na flati, kuna vijana wamejigawa watatu kwa bedsita moja ili kodi iwezekane, mmoja analala mwingine akiwa shifti ya usiku. Kwa hao nafasi ya kitanda haijawahi kuisha.

Mashangazi wanaonicheka pia nao nawakumbusha vitambaa. Mko na sebule ambayo kila kiti kimevalishwa kitambaa cha kushona kwa mkono, meza ina chake, TV ina chake, hata redio ya zamani isiyofanya kazi ina chake. Ufundi huo wa uzi na sindano ulisambazwa sana na shule za misheni na vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, iliyoanza 1952, ambako wanawake walifundishwa usafi, mapishi na kushona. Wakoloni walikuwa na sababu zao za kisiasa, ilikuwa wakati wa Mau Mau. Lakini mama zetu walichukua ule ujuzi wakafanya nao walichotaka, na hakuna aliyewaita show-off. Basi taa yangu ya LED iacheni.

Tunanunua wapi? Hiyo nayo ni historia ya kitanda, tena ya kuchekesha. Garissa Lodge ya Eastleigh ilikuwa nyumba ya kulala wageni. Serikali ya Somalia ilipoanguka 1991, wafanyabiashara waliokimbilia huko wakawa wanalala kwa vyumba usiku na kuuza bidhaa humo humo mchana, mali ikiwekwa chini ya kitanda. Baadaye jengo likageuzwa maduka, na mfano ule ukazaa mall baada ya mall hadi Eastleigh ikawa Eastleigh tunayoijua, ambako leo unapata seti za duveti zimepangwa hadi kwenye dari. Chini ya kitanda, kwa mara moja, palimtajirisha mtu.

Upande ule mwingine kuna Gikomba. Tulikuwa na viwanda vyetu vya kufuma: KICOMI Kisumu, Rivatex Eldoret, Raymond wa blanketi hukohuko Eldoret. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, mitumba na bidhaa za nje zikaingia kwa wingi, na vingi vikalala. Rivatex ilifungwa hadi Moi University ikainunua 2007. Nasikitika kwa wale waliopoteza kazi, na bado naenda Gikomba, kwa sababu belo ikifunguliwa mapema unapata shuka ya pamba tupu ambayo dukani singeigusa.

Na hapo ndipo nataka vijana wenzangu wawe macho, kwa sababu kupenda kitu kizuri hakukulazimishi kuibiwa. Ukiona pakiti imeandikwa nyuzi 1,000, tulia. Hiyo namba ni hesabu ya nyuzi ndani ya inchi moja ya mraba, za kwenda na za kukatiza, na pamba haiwezi kubanwa hivyo. Wanachofanya ni kuhesabu kila kamba ndogo iliyosokotwa ndani ya uzi mmoja. Shuka ya 200 au 300 iliyofumwa vizuri inaishinda. Maneno "Egyptian cotton" nayo usiyaamini kwa macho. Mwaka 2016 Target, duka kubwa la Marekani, liligundua kwamba shuka na foronya karibu 750,000 lililouza kwa jina hilo zilikuwa na pamba nyingine, likaachana na kampuni ya India iliyozitengeneza. Kama wao na maabara zao walipigwa, wewe na tochi ya simu?

Kuna njia ya mtaa. Chomoa uzi mmoja pembeni, uwashe. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu. Polyester inayeyuka na kuwa kijipira kigumu. Fanya hivyo nyumbani tafadhali, Gikomba imeungua mara nyingi vya kutosha. Ukiwa sokoni, inyanyue shuka kwa mwanga, kisha ikunje kwa ngumi: ikitoka bila hata mkunjo mmoja, kuna plastiki nyingi humo.

Godoro zuri lije kwanza, kama doh ni kidogo. Duveti inapigwa picha, lakini mgongo wako unalala kwa godoro. Baada ya hapo, mimi nachukua shuka mbili za pamba, moja nyeupe na moja ya kijani iliyokolea, foronya nne, na kapeti ndogo ya kukanyaga nikiamka, kwa sababu sakafu ya saruji saa kumi na moja asubuhi haina huruma. Pamba ikishafuliwa mara kumi inazidi kuwa laini, na polyester ndiyo inaanza kutoa vidonge pale miguu inaposugua. Ile nyeupe naifua Jumamosi, maji yakija.