Uongezaji kasi wa prosesa
Uongezaji kasi wa prosesa ni kitendo cha kuifanya prosesa ya kompyuta ya mezani ifanye kazi kwa kasi kubwa kuliko ile iliyopangwa kiwandani. Kasi hiyo hupimwa kwa megahezi (MHz), yaani mamilioni ya mapigo kwa sekunde.

Mfano maarufu ni Celeron 300A ya kampuni ya Intel ya Marekani, iliyotolewa mwaka 1998. Prosesa hiyo ilizidisha mapigo ya ubao mama mara 4.5. Kwa hiyo mapigo hayo yalipopandishwa kutoka MHz 66 hadi 100, kasi yake ilipanda kutoka MHz 300 hadi 450.

Hata hivyo, kasi ina gharama yake. Umeme unaotumika hulingana na kasi ikizidishwa kwa mraba wa volteji, na kasi kubwa mara nyingi huhitaji volteji kubwa zaidi. Kasi ikiongezwa kwa asilimia 20 na volteji kwa asilimia 10, matumizi ya umeme hupanda kwa takriban asilimia 45. Umeme huo hugeuka kuwa joto, ambalo likizidi huweza kuzima kompyuta au kufupisha maisha ya prosesa. Kinyume chake, kupunguza kasi na volteji kidogo tu huokoa umeme mwingi.