Sheria Isiyokuwa na Kitanda

Msimu wa kukeketa kwa Wakurya wa mkoa wa Mara, Tanzania, haupangwi na familia moja. Wazee wa mila wa kila ukoo ndio hutangaza, na kwa miongo ya karibuni tangazo lao limezoea kuangukia Desemba, hasa ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, shule zikiwa zimefungwa. Binti akishakatwa huhesabiwa mtu mzima, na mazungumzo ya ng'ombe wa mahari huanza. Asiyekatwa huitwa msagane. Neno hilo linachoma. Wapo wanawake walioolewa wakiwa wasagane, wakazaa, kisha wakaukubali wembe ukubwani ili tu masimango yakome.

Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kukawa kosa la jinai, kifungo chake miaka 5 hadi 15. Ilikuwa sheria njema, ila haikuwa na kitanda. Binti wa miaka 12 akimshtaki baba yake mchana, usiku atalala wapi? Shangazi ni wa ukoo huohuo, jirani naye anawaogopa wazee. Kwa hiyo kesi nyingi zilifia nyumbani, shahidi akiwa amerudishwa mikononi mwa mshtakiwa.

Kitanda kilikuja kwa njia ya hisani. Upande wa Tarime, kituo cha Masanga, kilicho chini ya Kanisa Katoliki, kilianza kuwapokea wasichana wakati wa likizo, wakifundishwa haki zao na afya ya miili yao, na kufanyiwa sherehe ya kuvuka rika pasipo damu. Wilaya ya Serengeti ikafuata: mwaka 2014 Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Mara, lilifungua Nyumba Salama mjini Mugumu, chini ya Rhobi Samwelly.

Mama huyu hakuyasoma mambo haya kitabuni. Amesimulia hadharani mara nyingi kwamba alikeketwa akiwa na miaka 13, akavuja damu hadi watu wakamkatia tamaa. Rafiki yake alikuwa amekwisha kufa kwa wembe huohuo. Mwaka 2017 alianzisha shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, na nyumba ya pili ikafunguliwa Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere. Filamu ya Giselle Portenier wa Kanada, iliyotoka 2018, iliwafikisha wasichana wa Mugumu mbele ya macho ya dunia.

Fedha za mabati na chakula zimetoka mbali, na wafadhili wanastahili shukrani. Msaada ulionigusa zaidi, hata hivyo, ni wa ramani. Vijiji vingi vya Mara havikuwa na njia zilizochorwa. Polisi walipokea simu usiku wasijue pa kupita. Kuanzia 2015, watu wa kujitolea wa Crowd2Map, wengi wao hawajawahi kukanyaga Tanzania, walikaa mbele ya kompyuta zao wakichora barabara na nyumba kutoka kwenye picha za setilaiti. Wanakijiji wakaongeza majina. Leo mtu mwenye simu kijijini hutoa taarifa, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi hujua gari lielekee wapi.

Takwimu zinasogea polepole mno. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa 2022 ukakuta 28. Na mpaka wa Sirari uko jirani: ngariba akibanwa huku, binti huvushwa Kenya, ingawa huko nako sheria ya 2011 inakataza.

Kazi ngumu kuliko zote huja msimu ukipita. Wazazi huitwa, huketi na maofisa na viongozi wa kijiji, na wanaokubali hutia saini kwamba binti hataguswa. Wengi hutia, na binti hurudi nyumbani akifuatiliwa. Baba wengine hukataa, wakisema waziwazi kwamba huyo si mtoto wao tena. Hapo Nyumba Salama huacha kuwa kimbilio la likizo. Inakuwa ndiyo nyumbani: ada, sare, cherehani ya kujifunzia, na mtu wa kumwuguza akipata malaria. Januari shule zikifunguliwa, hao ndio wanaotoka asubuhi kwenye lango la Mugumu na mabegi mgongoni, na jioni wanarudi palepale.