Faili la hosts katika kompyuta za Linux
Kompyuta ya Linux iliyoko mjini Gisenyi inapotafuta tovuti yenye jina linaloishia na .rw, kwa kawaida haianzi kwa kuuliza mtandao. Kwanza husoma faili dogo liitwalo /etc/hosts, na jina likipatikana humo, haiulizi kwingine. Utaratibu huo ni wa kale: kabla ya Paul Mockapetris kubuni mfumo wa DNS mwaka 1983, majina ya mtandao wa ARPANET yalitunzwa katika orodha moja huko California, na kila kituo kiliinakili.

Kila mstari huanza na anwani ya namba, kisha nafasi, kisha jina. Mpangilio huo haugeuzwi. Mstari wa 127.0.0.1 localhost usifutwe, kwani programu nyingi huutumia kuwasiliana ndani ya kompyuta ileile. Shule ya wilayani Rubavu yenye seva yake ya maktaba, kwa mfano, yaweza kuandika 192.168.1.10 maktaba.shule, na wanafunzi wataifikia hata intaneti ikikatika. Sharti seva hiyo iwe na anwani isiyobadilika, na mstari uandikwe katika kila kompyuta, kazi inayochosha pale kompyuta zinapokuwa nyingi.

Faili huhaririwa kwa mamlaka ya msimamizi, kwa amri sudo nano /etc/hosts, baada ya kutunza nakala. Mamlaka hayo yasigawiwe ovyo: mhalifu akiandika humo jina la benki mbele ya anwani yake mwenyewe, mteja ataandika jina sahihi na huenda akafikishwa kwenye ukurasa wa bandia. Amri getent hosts, ikifuatwa na jina, huonyesha anwani ambayo kompyuta imeichagua.