Mkasi Mkononi mwa Nani

Mwaka 1916 kampuni ya uchapishaji ya Ullstein, jijini Berlin, ilimwajiri msanii kijana aliyetoka mji wa Gotha, Hannah Höch. Kazi yake ilikuwa kubuni ruwaza za kutarizi na kufuma kwa ajili ya majarida ya wanawake. Kwa miaka kumi, siku tatu kila juma, zilimpitia mikononi kurasa zilizomfundisha mwanamke avae nini na apambe nyumba vipi. Höch alizichukua kurasa za namna hiyo akazikata, akazibandika upya kwa maana yake mwenyewe.

Wanaoianza historia ya vijarida vya kolaji, yaani vya vipande vilivyokatwa na kubandikwa, kwa muziki wa panki wanaruka nusu karne nzima. Katika Maonyesho ya Kwanza ya Kimataifa ya Dada, harakati ya wasanii waasi, Berlin, 1920, wasanii George Grosz na John Heartfield hawakutaka Höch ashiriki. Aliruhusiwa baada ya msanii mwenzao Raoul Hausmann, aliyekuwa mpenzi wake, kutishia kujitoa. Picha aliyoitundika, ambayo jina lake linataja kisu cha jikoni, ilijaa magurudumu ya mashine na vichwa vya wakubwa wa siasa juu ya viwiliwili visivyo vyao. Pembeni, chini kulia, alibandika ramani ndogo ya nchi za Ulaya ambako wanawake walikuwa na haki ya kupiga kura. Wanawake wa Ujerumani walikuwa wameipata haki hiyo miezi michache tu kabla hajaianza picha hiyo. Baadaye Höch aliishi miaka kadhaa na mwandishi wa Kiholanzi, Til Brugman, mwanamke mwenzake. Wanazi walipotawala alihamia Heiligensee, pembezoni mwa Berlin, akazificha huko kazi za Dada, zake na za wenziwe.

Upande wa pili wa nasaba ya vijarida hivi uko Los Angeles. Kati ya 1947 na 1948 karani mmoja aliyekuja kujiita Lisa Ben alipiga chapa ofisini, kwa karatasi za kaboni, matoleo tisa ya kijarida chake Vice Versa kwa ajili ya wanawake wanaopenda wanawake. Kila toleo lilikuwa na nakala kumi hivi, zilizopita mkono kwa mkono.

Nakala kumi hazitoshi kujenga jumuiya. Mwaka 1959 Xerox ilitoa mashine yake ya 914, iliyonakili juu ya karatasi ya kawaida, na katika miongo miwili iliyofuata mashine za fotokopi zikaenea maofisini, maktabani na madukani. Hapo ndipo mkasi ulipopata mwenzi wake. Mtengenezaji wa kijarida hukunja karatasi katikati, hubandika juu yake picha za magazeti, maneno yaliyopigwa chapa na mwandiko wa mkono, kisha huipeleka mashineni. Mashine humeza rangi zote na kubakiza weusi na weupe, hata tangazo la sabuni na barua ya rafiki huonekana vimetoka kiwanda kimoja. Kingo za vipande huacha mistari myembamba ya kivuli. Wengi waliiacha makusudi, msomaji aone palipokatwa, na walikuwa na haki: ukurasa unaoonyesha mshono wake humwambia msomaji kwamba naye anaweza kuutengeneza.

Mjini Manchester, 1977, Linder Sterling aliiwekea picha ya mwanamke aliye uchi kichwa cha pasi ya umeme kwa ajili ya jalada la santuri ya bendi ya panki ya Buzzcocks. Mwaka uliofuata yeye na Jon Savage wakatoa The Secret Public, kijarida cha kolaji tupu.

Toronto ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1985 G.B. Jones na Bruce LaBruce walianzisha kijarida J.D.s, wakikiandika kana kwamba mji wao umejaa mapanki wapenzi wa jinsia moja. Kwa kweli walikuwa kikundi kidogo cha marafiki. Lakini barua zilianza kumiminika kutoka miji ya mbali, vijarida vingine vikazaliwa, kama Homocore cha San Francisco mwaka 1988, na jumuiya iliyobuniwa kwa gundi ikawa na watu wake.

Kiangazi cha 1991 wasichana wa Olympia na Washington, D.C., akina Tobi Vail, Allison Wolfe, Molly Neuman na Kathleen Hanna, walitoa vijarida vya Riot Grrrl, vuguvugu la wasichana wa panki. Mama wa nyumbani wa matangazo ya miaka ya 1950 alibandikwa kando ya masimulizi ya ubakaji na hasira ya shuleni. Ili kupata nakala, wasomaji walituma sarafu chache na stempu ndani ya bahasha.

Hata hivyo, waliokuwa mstari wa mbele walikuwa wengi wao weupe. Ramdasha Bikceem, msichana mweusi wa New Jersey, aliliandika jambo hilo wazi katika kijarida chake Gunk, na mwaka 1997 Mimi Thi Nguyen akakusanya sauti za wasio weupe katika Evolution of a Race Riot. Lawama hiyo inamfikia hata Höch, aliyekata picha za vinyago na sanamu za Afrika na kuzipachika kwenye miili ya wanawake wa Ulaya. Jibu lenye nguvu zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, limetoka kwa mzaliwa wa Nairobi. Mwaka 2006 Wangechi Mutu alibandika vipande vya majarida juu ya michoro ya kitabibu ya uvimbe wa mfuko wa uzazi, akawaunda humo wanawake weusi wanaomkazia macho mtazamaji. Kazi zake ni za ukutani, si za kukunjwa na kutiwa pini, lakini mkasi ni ule ule.

Tangu 2003 Chuo cha Barnard, New York, kina maktaba ya vijarida hivi, na mwaka huo huo ulianza mjini Milwaukee mradi wa QZAP, unaovipiga skani vijarida vya wapenzi wa jinsia moja na kuvitoa bure. Fotokopi hudumu, zinazoharibika ni karatasi za asili, kwa kuwa gundi hukauka na vipande hudondoka kimoja kimoja. Aliye nazo azilaze bapa ndani ya boksi, mbali na jua, na azipeleke maktabani mapema.