Kutoka Kinanda hadi Video: Historia ya Kujifunza Urubani wa Kivita Bila Kuondoka Ardhini

Jumamosi usiku, kazi za chuo zikiisha, watatu kati yetu wanachama hukaa mbele ya kompyuta na kurusha ndege za kivita. Ni ndege za simuleta, yaani programu inayoiga ndege halisi, kuanzia injini na geji zake hadi jinsi hewa inavyoibeba. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kushika usukani wa ndege ya kweli. Tunachokijua tumekipata kwenye video za mafunzo. Mchezaji mzoefu, au wakati mwingine rubani mstaafu, hurekodi skrini yake na kueleza swichi moja baada ya nyingine. Sisi tunasimamisha, tunarudisha nyuma, tunajaribu, tunaanguka, tunaanza tena.

Katika mkutano mmoja wa chama tuliulizwa: hivi kweli mtu hujifunza kuruka kwa kutazama tu? Tulicheka, lakini hatukuwa na jibu. Tulipoanza kusoma tukaona kwamba swali hilo lina umri mkubwa kuliko kompyuta. Katika makala hii tunaeleza kwa ufupi jinsi marubani, hasa wa Marekani, walivyofundishwa wakiwa ardhini katika miaka mia moja hivi iliyopita. Tumeona kwamba kuonyeshwa peke yake hakujawahi kutosha. Kila mara alihitajika mtu wa kuliona kosa la mwanafunzi na kumwambia.

Kiwanda cha vinanda

Majaribio ya mwanzo yalikuwa ya kuchekesha kidogo. Karibu na mwaka 1910 huko Ufaransa, kampuni ya Antoinette ilikuwa na kifaa kilichoundwa kwa nusu mbili za pipa, moja juu ya nyingine. Mwanafunzi alikaa juu, wasaidizi wakakiyumbisha kwa nguvu za mikono, naye akajitahidi kukirudisha sawa.

Aliyeleta mabadiliko makubwa ni Edwin Link, aliyezaliwa mwaka 1904. Baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda huko Binghamton, jimbo la New York. Mwaka 1920 Link alilipia somo lake la kwanza la urubani. Mwalimu alimzungusha angani, akampindua juu chini, akamrudisha salama. Muda wote huo mwanafunzi hakugusa usukani hata mara moja. Alilipa, akatazama, akashuka.

Link alitafuta njia ya kujifunza kwa gharama ndogo, na akatumia ujuzi aliokuwa nao. Ndani ya kinanda, kazi hufanywa na hewa inayosukumwa na mivukuto. Alichukua mivukuto na pampu za namna hiyo, akaziweka chini ya sanduku dogo lenye umbo la ndege na mabawa mafupi. Mwanafunzi akisogeza usukani, vali zinafunguka, mivukuto inajaa au kunywea, na sanduku linainama kama ndege. Kufikia mwaka 1929 mashine ilikuwa inafanya kazi. Lakini shule za urubani hazikuichangamkia, na nyingi kati ya zile za mwanzo ziliuzwa kwa viwanja vya burudani, ambako watu walitumbukiza sarafu ili wapande. Kwa hiyo simuleta ilianza maisha yake kama mchezo, kama ile tunayoitumia sisi leo.

Barua, ukungu na kaa

Mwezi Februari 1934 Rais Franklin Roosevelt alifuta mikataba ya kampuni zilizokuwa zikibeba barua kwa ndege, akalikabidhi jeshi kazi hiyo. Marubani wa jeshi walikuwa wamezoea kuruka mchana katika hali nzuri ya hewa. Sasa walitakiwa kuruka usiku, katika theluji na ukungu, wakitegemea geji peke yake. Katika miezi michache tu zaidi ya kumi walikufa.

Wakati huo Link alikuwa ameshatengeneza mashine yenye kifuniko. Mwanafunzi akifungiwa ndani haoni nje, anaona geji tu. Maofisa wa jeshi walipokwenda kumsubiri Newark siku moja ya ukungu mzito, walidhani hatafika. Alifika na kutua, akiwa ameongozwa na geji. Jeshi likaagiza mashine 6, kila moja kwa dola 3,500.

Lakini kilichotuvutia zaidi ni meza ya mwalimu iliyokuwa kando ya mashine. Juu yake palitandazwa ramani, na juu ya ramani kilitembea kigari kidogo cha magurudumu 3 kilichoitwa "kaa". Kaa huyo alichora kwa wino njia ambayo mwanafunzi angeipita kama angekuwa angani. Mwanafunzi gizani anaamini anakwenda moja kwa moja, na mwalimu anaona mstari unapinda. Humwambia kwa maikrofoni, na somo likiisha wanautazama mstari pamoja. Hapo hapana ubishi, maana wino umeshakauka.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia zilitengenezwa takriban mashine 10,000 za Link. Katika Jeshi la Majini la Marekani, baadhi ya wakufunzi wake walikuwa wanawake wa kikosi cha WAVES. Wao wenyewe hawakuruhusiwa kurusha ndege vitani, lakini waliwasahihisha wanaume waliokuwa wakienda huko.

Filamu za vita

Vita vilihitaji marubani kwa maelfu, na wakufunzi hawakutosha. Mwaka 1942 jeshi la Marekani liliunda kikosi cha First Motion Picture Unit huko California, likaingiza humo waongozaji, wapiga picha na waigizaji wa Hollywood. Filamu zao ndizo bibi na babu wa video zetu. Ziko zilizofundisha kurusha ndege ya P-47, na nyingine ilimfundisha rubani kuitambua ndege ya Kijapani ya Zero ili asimpige mwenzake kwa makosa. Katika hiyo aliigiza Ronald Reagan, ambaye baadaye alikuwa Rais. Filamu ya "Learn and Live" ya mwaka 1943 iliwaonyesha marubani waliofika mbinguni kwa sababu ya makosa ya kijinga, wakipokewa na Mtakatifu Petro. Ina vichekesho, lakini waliokuwa wakiitazama walijua wenzao waliokufa mazoezini.

Faida ya filamu ilikuwa wazi: mwalimu mmoja hodari aliweza kufika kambi nyingi kwa siku moja. Hasara yake ni kwamba filamu haimwoni anayeitazama. Ndiyo maana jeshi halikuitegemea peke yake. Baada ya filamu, mwanafunzi alikwenda kwenye mashine ya Link, na katika ndege za mafunzo mkufunzi alikaa kwenye kiti cha pili. Leo filamu hizo zinapatikana kwenye intaneti. Sisi tulijifunza mpangilio wa chumba cha rubani wa P-47 kutoka kwa sauti ya mtu aliyekuwa akizungumza na vijana wa umri wetu, na wengine kati yao hawakurudi.

Somo la Vietnam

Tungedhani kwamba teknolojia ikipanda, mafunzo nayo hupanda. Katika vita vya Vietnam haikuwa hivyo. Ndege za F-4 Phantom za Jeshi la Majini zilitegemea makombora na hazikuwa na mzinga ndani yake. Marubani wengi hawakuwa wamefundishwa vya kutosha mapambano ya karibu. Makombora yakashindwa mara nyingi, na matokeo yakawa mabaya kuliko yale ya vita vya Korea. Kapteni Frank Ault alipewa kazi ya kuchunguza tatizo, na kutokana na ripoti yake shule ya TOPGUN ilifunguliwa Miramar, California, mwezi Machi 1969.

Humo wanafunzi walipambana angani na wakufunzi waliorusha ndege ndogo kama A-4, ili kuiga adui. Wakishatua, waliketi kuichambua ruko nzima: nani alikuwa wapi, alifanya nini, kwa nini alishindwa. Tatizo lilikuwa kumbukumbu, kwani marubani wawili wakisimulia pambano moja, utasikia mapambano mawili. Miaka ya 1970 ulianza kutumika mfumo wa ACMI, ambapo kila ndege ilibeba kifaa kilichotuma mahali na mwendo wake kwa vituo vya ardhini. Baada ya kutua, pambano lilionyeshwa upya kwenye skrini. Yule kaa wa Link alikuwa amerudi, safari hii bila wino.

Simuleta inarudi nyumbani

Karibu na mwaka 1980 Bruce Artwick alitoa simuleta ya kompyuta ya Apple II, na mwaka 1982 Microsoft ikatoa yake kutokana na kazi yake. Za kivita zilifuata. Falcon ilitoka mwaka 1987, na Falcon 4.0 ya mwaka 1998 ilikuja na kitabu cha maelekezo chenye kurasa zaidi ya 500. Aliyetaka kuruka ilimbidi asome kwanza. YouTube ilianza mwaka 2005, na simuleta ya DCS ikatoka mwaka 2008. Tangu hapo video zimechukua nafasi kubwa ya vitabu vile.

Tulianza kwa video. Tulijifunza kupaa ndani ya jioni moja na kutua ndani ya wiki mbili. Kwenye mapambano tulikwama. Video ilisema usivute jostiki kwa nguvu mno unapopinda, maana ndege hupoteza mwendo na adui hukupata. Tuliielewa, hata tuliweza kuwaeleza wengine. Na kila usiku tulipigwa. Kila mmoja aliapa kwamba hakuvuta kupita kiasi.

Kisha mwanachama aliyetutangulia alituonyesha programu ya Tacview, ambayo huchora upya safari nzima ya ndege. Faili zake zinaitwa ACMI, kwa kuukumbuka ule mfumo wa zamani. Tukatazama pamoja. Kila tulipomwona adui, mwendo wetu ulishuka kama jiwe kisimani. Tulikuwa tukivuta kwa hofu bila kujua. Kwa saa moja ile tulijifunza zaidi ya tulivyojifunza kwa miezi ya video.

Mchezo na vita

Kuna jambo jingine tusiloweza kuliruka. Link aliunda mashine ili watu waruke bila gharama kubwa, jeshi likainunua ili marubani wasife bure, na mashine hiyohiyo ikatayarisha watu wa kuua. Mmoja wetu ana wazazi waliotoka mashariki ya Kongo. Wakati wa likizo mama yake alifungua mlango wa chumba, akasikia mngurumo kwenye spika, akasimama kidogo. Hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, punguza hiyo sauti," akafunga mlango. Tangu siku hiyo tunavaa hedifoni, na tunakumbuka kwamba chini ya ndege za kweli wako watu.

Hitimisho

Neno "rubani" halikuzaliwa na ndege. Limetoka katika Kiarabu, na katika pwani yetu lilikuwa la mtu wa baharini, aliyejua njia, pepo na miamba. Katika karne ya 15 Ahmad ibn Majid wa Julfar alitunga maarifa ya ubaharia kwa mashairi, ili yashikike kichwani. Tunaweza kusema hizo zilikuwa video za mafunzo za wakati wake. Lakini hakuna mwenye jahazi ambaye angemkabidhi chombo mtu aliyehifadhi mashairi tu.

Jibu letu kwa wanachama ni hili: kutazama kunakufikisha mlangoni. Wengi wetu tunalijua hilo kwa njia nyingine. Tumekisikia Kiswahili nyumbani tangu utotoni, tukakielewa chote, na tukadhani tunakisema vizuri. Tuligundua tunachanganya ngeli siku mwalimu alipotusimamisha katikati ya sentensi na kutuomba tuirudie.