Jiji la Munich na Programu Huria: Funzo kwa Walimu wa Kiswahili



Muhula uliopita mwanafunzi wetu mmoja alitoka kwao Mutoyi na tasnifu yake kwenye fleshi. Alikuwa ameiandika kwa programu isiyolipiwa, aliyowekewa na kaka yake. Alipofika Gitega mjini kuichapisha, kompyuta ya dukani ilikuwa na programu nyingine. Majedwali ya ngeli yalivurugika, na alama za toni za Kirundi zikageuka vijisanduku vitupu. Tulikesha tukirekebisha. Watu waliokuwa pale walisema: "Hiyo ndiyo shida ya vitu vya bure." Kauli hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya, kwani jiji moja la Ujerumani lilibishania jambo hilohilo kwa takriban miaka 20.

Kwanza tueleze istilahi. Programu miliki, kama vile Windows ya kampuni ya Microsoft, hutumiwa kwa leseni ya mwenyewe, na msimbo wake, yaani maelekezo yaliyoandikwa na watunzi wake, hufichwa. Programu huria, kama vile Linux iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, msimbo wake uko wazi: kila mtu anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Hapa Kiswahili kimewashinda Waingereza, ambao neno lao moja hubeba maana ya "bure" na ya "huru" pamoja. Sisi tunayo maneno mawili. Kitu cha bure hakilipiwi. Kitu huria hakina mtu mmoja wa kukufungia mlango.

Sasa tuingie katika historia yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ofisi za jiji la Munich zilitumia Windows NT, toleo ambalo Microsoft ilikuwa inaelekea kuacha kulihudumia. Jiji lilipaswa kuchagua: kununua toleo jipya au kuhama. Mkuu wa Microsoft, Steve Ballmer, alikatiza likizo yake Uswisi akaenda kuonana na meya Christian Ude na kumpa bei nafuu. Hata hivyo, tarehe 28 Mei 2003 baraza la jiji liliamua kuhamisha kompyuta zipatazo 14,000 kwenda Linux. Mradi huo uliitwa LiMux.

Kazi haikuwa nyepesi. Kila idara ilikuwa na mafundi wake na mazoea yake, pamoja na violezo vyake vya barua na fomu. Kumbe kilichokuwa kigumu zaidi kuhamisha hakikuwa mashine bali maandishi! Mafundi wa jiji walitunga programu yao ya kusimamia violezo, WollMux, nao wakaiachia umma kama programu huria mwaka 2008. Kufikia mwisho wa mwaka 2013, kompyuta zaidi ya 14,000 kati ya 15,000 hivi zilikuwa zimehama, na jiji lilitangaza kuwa limeokoa zaidi ya euro milioni 10.

Mwaka 2014 Dieter Reiter alichukua nafasi ya Ude. Meya huyu mpya hakuificha imani yake kwa Microsoft, na mwaka 2016 kampuni hiyo ilihamishia makao yake makuu ya Ujerumani ndani ya Munich. Watumishi walilalamika kuhusu ucheleweshaji na faili zisizofunguka vizuri. Ripoti iliyoagizwa na jiji ilionyesha kwamba mzizi wa matatizo mengi ulikuwa mpangilio mbovu wa huduma za kompyuta, wala si Linux peke yake. Pamoja na hayo, Novemba 2017 baraza liliamua kurudi Windows, kwa gharama ya takriban euro milioni 50. Kisha mwaka 2020 muungano mpya wa vyama uliafikiana kwamba jiji litumie tena programu huria kila inapowezekana.

Je, haya yanatuhusu nini sisi walimu wa lugha? Yanatuhusu sana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, watafsiri hawakusubiri kampuni yoyote iamue kama Waswahili ni soko la kutosha. Microsoft nayo ilitoa Kiswahili chake katika miaka hiyohiyo. Lakini tafsiri ya programu ni kama shamba: kila toleo jipya huleta maneno mapya, na asiyepalilia hukuta Kiingereza kimeota tena katikati ya menyu. Mwaka 2010 wengi wa watunzi wa OpenOffice walijitenga na kuanzisha LibreOffice, na lugha zenye watu wa kuzifuatilia ndizo zilizohama nao vizuri.

Kwa maoni yangu, funzo la Munich ni kwamba leseni huria hukupa haki tu. Haikupi watu wa kuitumia. Jiji lilipata haki hiyo, likatunga hata programu yake, lakini mpangilio na utashi vilipolegea, haki haikutosha. Kiswahili nacho kiko hivyo. Mlango umefunguliwa, wa kuingia ni sisi na wanafunzi wetu, kwa istilahi zilizofikiriwa vizuri.

Nahitimisha kwa jambo dogo la kutendeka. Mfumo wa faili uitwao ODF ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa na shirika la ISO mwaka 2006, na programu huria na miliki zote mbili huweza kuusoma. Tuhifadhi humo mihtasari, mitihani na tasnifu zetu, na ya kuchapishwa tuitoe kwa PDF yenye fonti zake ndani. Mwanafunzi wa Mutoyi hakuangushwa na kitu cha bure. Tuliomwangusha ni sisi walimu, ambao hatukuwa tumemfundisha kuhifadhi kazi yake katika umbo ambalo kila mashine ingelifungua.