Tabasamu la nukta 1,024: jinsi tarakilishi zilivyojifunza kupendwa

Leo tuziweke kando lugha za programu na seva, tuzungumze kuhusu moyo. Naam, moyo! Maana sisi tunaotengeneza programu tunapenda sana kusema tunataka mtumiaji afurahi, na tukishasema hivyo tunakimbilia rangi, vikaragosi na fataki za kulipuka kwenye skrini mtu akibonyeza kitufe. Mimi naona tunaanzia mwisho. Ukiitazama historia ya vitu ambavyo watu walivipenda kikweli, utakuta vingi vilianza na swali jingine kabisa: mtu huyu anaogopa nini?

Mwaka wa 1981 kampuni ya IBM ilitoa tarakilishi yake ya kibinafsi. Ukiiwasha na mfumo wake wa DOS, ulikutana na skrini nyeusi, herufi moja, alama moja, na kistari kinachopepesa. Hakuna karibu, hakuna hujambo. Ilikuwa juu yako kujua amri ya kuandika. Na diski ikileta shida, DOS ilikuuliza swali ambalo wakongwe wa tarakilishi wanalikumbuka hadi leo: uache, urudie au upuuze? Hebu jifanye wewe ni karani, ripoti ya mwezi mzima imo ndani ya diski hiyo, halafu unaulizwa hivyo. Ukiacha, kazi yako itapotea? Ukipuuza, itabaki nzima? Mashine haikusema. Wengi waliondoka hapo wakijiona wajinga, kumbe mwenye kosa ni yule aliyeandika swali.

Wakati huohuo, huko California, kikundi kidogo ndani ya kampuni ya Apple kilikuwa kinatengeneza Macintosh. Mmoja wa waandishi wa programu wake, Andy Hertzfeld, alikuwa na rafiki wa tangu shule ya upili aliyeitwa Susan Kare. Kare hakuwa mhandisi. Alikuwa msanii mwenye shahada ya uzamifu kutoka Chuo Kikuu cha New York. Alinunua daftari la karatasi za miraba, akaanza kujaza miraba kwa kalamu: kila mraba ni nukta moja ya skrini. Ikoni moja ilikuwa na nukta 32 kwenda na 32 kushuka, yaani 1,024 kwa jumla, na kila nukta ni nyeusi au nyeupe. Kijivu hakikuwepo. Ukitaka kuchora kikapu cha taka au saa ya mkononi, huo ndio mtaji wako.

Macintosh ilizinduliwa tarehe 24 Januari 1984 kwa bei ya dola 2,495. Ukiiwasha, ilijikagua yenyewe kwanza. Ikikuta mambo yako sawa, ilikuonyesha picha ya tarakilishi ndogo inayotabasamu, kazi ya Kare. Sasa sikiliza, maana siri yote iko hapa. Tabasamu lile halikuwa pambo, lilikuwa habari! Lilimwambia mtu ambaye pengine hajawahi kugusa tarakilishi maishani mwake: nimejipima, niko mzima, tuendelee. Na ukaguzi ukifeli, hukuletewa tabasamu. Uliona sura ya huzuni yenye alama za X mahali pa macho, na chini yake nambari za hitilafu. Kwa hiyo tabasamu lilikuwa na uzito, kwa sababu lingeweza kukosekana. Tabasamu linalotolewa kila saa, hata mambo yakiwa mabaya, ni la mwuza duka anayeitazama mifuko yako.

Kare huyohuyo alichora pia bomu, lenye utambi unaowaka, la kuonyeshwa mfumo ukianguka. Amesimulia kwamba waandishi wa programu walimwambia watu hawataliona. Wakaliona, tena mara nyingi! Kwa mhandisi ule ulikuwa mzaha mzuri. Kwa mtu aliyetoa dola elfu mbili na ushei, bomu linalotaka kulipuka mezani pake si mzaha hata kidogo. Mkono ni uleule, nukta nyeusi na nyeupe ni zilezile, lakini picha moja iliondoa hofu na nyingine ikaiongeza.

Kuna jambo jingine ambalo hatulihesabu kuwa la furaha, nalo ni amri ya kutendua. Wazo lenyewe lilikuwa limeshajaribiwa maabarani, lakini tarakilishi ya Lisa ya mwaka wa 1983, kisha Macintosh, ziliiweka kwenye menyu na kuipa herufi Z, ileile tunayobonyeza mpaka sasa. Haina rangi wala sauti. Lakini fikiria ilivyobadilisha watu. Kabla yake, kila ulichogusa kingeweza kuwa mwisho wa kazi yako. Baada yake, ungeweza kujaribu kitu ili uone tu kinafanya nini. Mtoto anayejua kwamba akikosea hapigwi huuliza maswali mengi zaidi, na mtumiaji ni vivyo hivyo.

Tukifika mwaka wa 1990, Microsoft ilitoa Windows 3.0 ikiwa na mchezo wa karata wa Solitaire. Karata zilichorwa na nani? Susan Kare tena! Ofisi nyingi zililalamika kwamba makarani wanacheza badala ya kufanya kazi. Lakini angalia mchezo ule unakufanyisha nini: kubonyeza, kushika, kuburuta, kuachilia. Kipanya kilikuwa kitu kigeni kwa watu wengi, na hapa kulikuwa na mahali pa kukizoea pasipo na faili ya mtu wala bosi wa kukukaripia.

Utauliza, je, uzuri wenyewe hauna kazi? Unayo. Mwaka wa 1995 Wajapani wawili, Masaaki Kurosu na Kaori Kashimura wa Hitachi, walichukua mipangilio 26 ya skrini za mashine za kutolea pesa benki, wakawaonyesha watu 252. Mipangilio ambayo watu waliiona mizuri, waliiona pia kuwa rahisi kutumia, hata pale urahisi wenyewe ulipokuwa haupo. Noam Tractinsky wa Israel alishuku kwamba labda hayo ni ya utamaduni wa Japani. Akarudia jaribio nchini mwake, akachapisha matokeo mwaka wa 1997: uhusiano ulikuwa uleule, tena wenye nguvu zaidi. Donald Norman, mtaalamu wa saikolojia aliyekuwa maarufu kwa kukosoa milango na swichi zinazowachanganya watu, aliyachukua matokeo haya kwa uzito. Mwaka wa 2004 akatoa kitabu kizima kuhusu usanifu na hisia, akieleza kwamba mtu aliyetulia hufikiri kwa upana na husamehe kasoro ndogo, ilhali mwenye wasiwasi hung'ang'ania njia moja hata ikiwa haifanyi kazi.

Mimi nayasoma matokeo hayo hivi: uzuri ni ahadi. Unamwambia mtu kwamba ndani mambo yamefikiriwa. Ukimkuta ahadi haikutimizwa, wahenga walishasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mfano wa ahadi iliyovunjwa tunao. Katika Office 97, Microsoft ilimweka msaidizi mwenye umbo la kibanio cha karatasi, macho makubwa, nyusi za kuchezacheza. Watu wengi walimwita Clippy. Nyuma yake kulikuwa na utafiti wa kweli wa Clifford Nass na Byron Reeves wa Chuo Kikuu cha Stanford, ulioonyesha kwamba watu huzitendea tarakilishi kana kwamba ni watu. Sawa, lakini mtu huyu alikuwa na tabia gani? Unaandika barua, anaibuka kukuuliza kama unataka kusaidiwa kuandika barua. Unamfukuza, kesho anarudi na swali lilelile, kana kwamba hamjawahi kuonana. Alikuwa na uso wa rafiki na tabia za mgeni asiyejua kuaga. Kufikia Office XP ya mwaka wa 2001 alikuwa amezimwa mpaka umwite mwenyewe, na katika Office 2007 hakuwemo tena. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mlinganishe na iMac ya mwaka wa 1998. Ilikuwa na rangi ya buluu ya bahari na ganda unaloweza kuona ndani yake, na juu ilikuwa na mpini. Mpini wa nini, kwenye tarakilishi ya mezani ambayo huibebi kwenda popote? Msanifu wake, Jonathan Ive, alieleza kwamba watu wengi waliiogopa teknolojia, na kitu unachokiogopa hukigusi. Mpini unasema bila maneno: nishike. Kabla mwaka haujaisha, zilikuwa zimeuzwa karibu laki nane.

Hapo mtu ataniambia, bwana, hayo ni ya Wazungu na mashine za bei ghali. Haya basi, turudi nyumbani. Mwezi Machi mwaka wa 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa. Ilifanya kazi kwenye rununu za bei nafuu, zenye skrini ndogo, bila picha wala tabasamu la nukta 1,024. Ni menyu ya maandishi tu. Kabla ya hapo, aliyetaka kutuma pesa kijijini aliziweka kwenye bahasha akampa dereva wa basi, au alimsubiri jamaa anayesafiri. Kisha unakaa ukiomba Mungu. Zimefika? Zimefika zote?

M-Pesa ilijibu swali hilo kwa arafa. Mtumaji anapata yake, mpokeaji anapata yake, palepale: kiasi, jina, tarehe, saa, salio. Mama kijijini anapiga simu kusema nimeona, lakini wewe ulishajua. Kabla mwaka wa 2007 haujaisha, wateja walikuwa wamepita milioni moja. Zilikuwepo sababu nyingi, mawakala wakiwa mojawapo kubwa, lakini arafa ile kavu isiyo na rangi ndiyo iliyomfanya mtu ashushe pumzi. Kwangu mimi, ile ni ndugu wa tabasamu la Macintosh. Zote mbili ni habari njema iliyoletwa kwa wakati, na ya kweli.

Nasema haya kwa sababu naona tunasahau. Kuna programu niliyotumia kulipa karo ya mdogo wangu. Nilipobonyeza kitufe cha kulipa, vikaratasi vya rangi vikamwagika juu ya skrini kama harusi. Vizuri. Lakini shule imepokea? Hakuna mahali palipoandikwa. Pesa zilikuwa zimetoka kwangu, na mtoto alikuwa anasubiri kujua kama atarudishwa nyumbani. Risiti ilikuja siku ya tatu. Mtu fulani alikaa kazini akachora vile vikaratasi vizuri kabisa, na hakuna aliyekaa kuandika mstari mmoja wa kusema: malipo yako yanashughulikiwa, yatafika kesho saa nne.

Kwa hiyo wewe unayetengeneza kitu, iwe ni programu ya mkopo, fomu ya hospitali au mashine ya tikiti, kabla hujachagua rangi, kaa na mtu mmoja atakayekitumia. Mtazame mkono unaposita. Pale unaposita ndipo penye hofu, na hapo ndipo kazi yako ilipo. Mwambie kinachoendelea. Mpe njia ya kurudi nyuma. Kukiwa na tatizo, lisema kwa lugha yake, bila bomu. Ukishamaliza hayo, mchoree tabasamu ukipenda. Atalipokea, maana atajua lina maana.